Afya Kazini: Majibu kwa Wafanyakazi wa Visima vya Mafuta

Barua nyingi tulizopokea kwa ajili ya safu hii zimetoka kwa wasomaji wanaofanya kazi katika visima vya mafuta, au kwa ndugu zao walio nyumbani. Tumechagua nne. Majina yamefupishwa ili kuwalinda walioandika.

Swali la kwanza

*Shikamoo Daktari. Mimi ni Mkongomani wa Uvira, ninaishi Midland, Texas, na ninaendesha lori la kubeba mafuta ghafi. Kabla ya kupakia, hupanda juu ya tangi, nikafungua kifuniko, nikashusha tepu ya kupimia na kuchota sampuli. Mara nyingi, hasa alfajiri wakati hakuna upepo, ninapofungua tu kichwa huwa chepesi, miguu hulegea, na hubaki nimeshika chuma mpaka hali itulie. Mwenzetu mmoja alikutwa amefariki juu ya jukwaa la tangi. Tuliambiwa kuwa ni ugonjwa wa moyo, lakini alikuwa kijana na hatukuwahi kumsikia akilalamika. Je, inawezekana kuwa ni moyo kweli? Na nikisema ninayoyasikia mwilini, si nitaachishwa kazi?* — B.

Marahaba ndugu yangu B., na poleni kwa msiba. Siwezi kusema mwenzenu alikufa kwa sababu gani, kwa kuwa sikumpima wala sikusoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wake. Hata hivyo, ninaweza kukueleza jambo ambalo kila anayepanda tangi huko Texas, North Dakota na Colorado anastahili kulijua. Mwaka 2016, taasisi mbili za serikali ya Marekani zinazoshughulikia usalama kazini, OSHA na NIOSH, zilitoa tahadhari ya pamoja kuhusu kazi hiyo hiyo unayoifanya. Zilikuwa zimekusanya habari za vifo visivyopungua 9, vilivyotokea kati ya mwaka 2010 na 2014, vya wafanyakazi waliokuwa wakipima matangi au kuchukua sampuli. Baadhi ya vifo hivyo vilikuwa vimeandikwa awali kuwa vya moyo. Na maneno hayo hayakuwa ya uongo kabisa, kwa maana moyo ndio uliosimama. Kilichoachwa bila kuandikwa ni kile kilichousimamisha.

Mafuta yanapotoka ardhini huwa yamebeba gesi nyepesi za jamii ya hidrokaboni, kama vile propani na butani. Yakiingia tangini, gesi hizo hujitenga na kukusanyika chini ya paa kwa shinikizo, kwa hiyo unapofungua kifuniko hukurukia usoni zote kwa pamoja. Hapo hutokea mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwanza, gesi huisukuma hewa ya kawaida, na oksijeni unayovuta hupungua ghafla. Pili, gesi zenyewe huingia katika damu na kuuvuruga mfumo wa umeme unaoongoza mapigo ya moyo, kiasi kwamba moyo wenye afya kamili unaweza kuanza kupiga ovyo na hatimaye kusimama. Pumzi chache zinatosha. Daktari asiyeambiwa kuwa marehemu alikuwa ameinamia tangi lililo wazi ataona moyo uliosimama na kuandika moyo, na ndiyo maana vifo vya namna hii vilipita kwa miaka bila kuunganishwa.

Kizunguzungu chako, basi, ndiyo hali hiyo hiyo ikiwa bado katika kiwango ambacho mwili umeweza kukihimili. Tafadhali usikizoee. Kwamba umeshuka salama mara nyingi hakukupi dhamana yoyote ya mara inayofuata, kwa sababu kiasi cha gesi hubadilika kulingana na joto, upepo, na muda uliopita tangu mafuta yaingie tangini. Alfajiri isiyo na upepo ni wakati mbaya kwa kuwa gesi hizi ni nzito kuliko hewa, na pasipo upepo hubaki pale pale zilipotokea.

Njia ya uhakika ni kutofungua kifuniko kabisa. Mwaka huo huo wa 2016, Taasisi ya Petroli ya Marekani ilichapisha kanuni zinazoruhusu mafuta ya matangi ya visimani kupimwa kwa vifaa vya nje pasipo mtu kuinamia tangi, kwa hiyo mwajiri anayedai kuwa hakuna njia nyingine ana la kujibu. Mpaka hapo patakapobadilika, usipande peke yako. Simama upande upepo unakotokea. Fungua kifuniko huku uso ukiwa mbali na uache gesi itoke kabla hujasogea. Na uvae kifaa cha kupima gesi chenye king'ora, kifuani karibu na pua, siyo mfukoni wala ndani ya lori. Barakoa ndogo ya vichujio, inayogawiwa mahali pengi, haifai kwa hatari hii. Kichujio husafisha hewa iliyopo lakini hakiwezi kutengeneza oksijeni isiyokuwapo.

Kuhusu kufukuzwa, ninaelewa hofu yako, na sitakuambia kuwa haina msingi. Sheria ya Marekani inamkataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi aliyelalamikia usalama, lakini muda wa kupeleka malalamiko ya adhabu hiyo OSHA ni mfupi mno: siku 30 tu. Malalamiko ya hatari yenyewe OSHA huyapokea kutoka kwa mfanyakazi yeyote bila kujali hati zake za uhamiaji, na kwa hayo jina lako linaweza kufichwa mbele ya mwajiri. Vilevile una haki ya kuomba kumbukumbu za vipimo vya kemikali vilivyofanywa mahali unapofanyia kazi, na mwajiri anatakiwa kukupatia ndani ya siku 15 za kazi. Kumbukumbu hizo lazima zitunzwe kwa miaka 30, kwa sababu magonjwa mengine ya kemikali hujitokeza baada ya muda mrefu sana.

Jambo la mwisho kwako ni la bima. Texas haimlazimishi mwajiri binafsi kukata bima ya fidia kwa wafanyakazi, kwa hiyo uliza leo, ukiwa mzima, kama mwajiri wako anayo. Ikiwa anayo, jeraha linatakiwa kuripotiwa kwake ndani ya siku 30, na dai kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja. Ikiwa hana, mfanyakazi aliyeumia kwa uzembe wa mwajiri anaweza kumshtaki mahakamani, na mwajiri huyo hawezi kujitetea kwa kudai kuwa mfanyakazi naye alichangia kwa uzembe wake. Familia ya mwenzenu imtafute wakili mapema, imwombe aipatie taarifa ya uchunguzi wa mwili, na aulize swali moja mahususi: je, damu ilipimwa hidrokaboni?

Wewe nawe anza kuandika. Kila mara unapopata kizunguzungu, andika tarehe, saa, namba ya tangi, hali ya upepo na muda hali hiyo ilivyodumu. Gesi hizi hutoka mwilini haraka, na ukifika hospitali kesho yake kuna uwezekano mkubwa wa kuambiwa huna kitu. Daftari lako ndilo litakalosema yale ambayo damu imeshayasahau.

Swali la pili

*Assalaam aleikum Daktari. Naandika kutoka Maskati. Mdogo wangu wa kiume amepata kazi katika visima vya kusini mwa Oman, upande wa Harweel, na wiki ya kwanza yote amefundishwa habari za gesi moja tu. Ametakiwa anyoe ndevu na hataki. Pia amefundishwa kwamba mwenzake akianguka asimkimbilie, jambo ambalo sisi nyumbani tumeliona la kikatili. Mafunzo haya ni sahihi?* — Bi S.

Wa aleikum salaam, Bi S. Mafunzo hayo ni sahihi, na waliompa mdogo wako wiki nzima wamemtendea haki. Gesi yenyewe ni hidrojeni salfaidi. Katika baadhi ya miamba ya Oman, Harweel ikiwemo, hupatikana kwa wingi pamoja na mafuta. Hutokea pia mahali ambapo watu hawaitarajii, kama vile kwenye matangi ya maji machafu yanayotoka visimani, ambako bakteria huitengeneza wenyewe.

Watu huambiwa kuwa inanuka kama yai viza, wakadhani pua itawaonya. Itawaonya ikiwa kidogo. Gesi hii husikika hata inapokuwa chini ya sehemu 1 katika kila sehemu milioni za hewa, lakini inapofika karibu na sehemu 100, mishipa ya kunusa hupooza ndani ya dakika chache na harufu hutoweka. Mtu hudhani gesi imekwisha, kumbe imezidi. Kati ya sehemu 500 na 700 mtu huanguka baada ya dakika chache, na inapopita 1,000 anaweza kupoteza fahamu kwa pumzi moja au mbili. Kwa hiyo mwambie mdogo wako kuwa pua isitumike kama kipimo, na kwamba harufu ikitoweka ghafla ni sababu ya kuondoka mbio, kuelekea upande upepo unakotokea na mahali palipoinuka, kwa kuwa gesi hii nayo ni nzito na hulala mabondeni.

Hilo la kutokimbilia lisomeni nyumbani kwa utulivu. Usiku wa tarehe 26 Oktoba 2019, katika kituo cha kurudishia maji ya visimani ardhini huko Odessa, Texas, mfanyakazi mmoja aliitwa kwenda kuangalia pampu iliyotoa ishara ya hitilafu. Hakuwa amevaa kifaa chake cha kupima gesi, na mfumo wa kituo wa kugundua gesi haukuwa ukifanya kazi. Alipochelewa kurudi, mkewe alikwenda kumtafuta akiwa na watoto wao garini. Akaingia ndani naye akafa. Watoto walinusurika. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali iliandika yote hayo katika ripoti yake. Sijui upendo mkubwa kuliko ule wa mwanamke huyo, na gesi haikumhurumia kwa ajili ya upendo wake. Anayekatazwa kumkimbilia mwenzake hakatazwi kumwokoa. Anatakiwa apige king'ora, avae mtungi wa hewa, kisha aingie akiwa na mwenzi mwingine aliyevaa vivyo hivyo. Dakika hiyo moja ya kuvaa ndiyo inayotenganisha maiti mmoja na maiti wawili, na mara nyingi huwapatia wote wawili nafasi ya kutoka hai.

Sasa ndevu. Barakoa ya mtungi wa hewa huzuia gesi kwa kubana ngozi ya uso pande zote. Nywele zikipita chini ya ukingo wake, hata kama ni za siku chache tu, huacha mianya, na kwa gesi inayoua kwa viwango nilivyovitaja hakuna mwanya unaoweza kuitwa mdogo. Zipo kofia pana zinazopuliza hewa iliyochujwa, ambazo mtu mwenye ndevu anaweza kuzivaa katika kazi za vumbi, lakini hazifai mahali penye hidrojeni salfaidi ya kuua. Upande wa dini siyo wangu kuuamulia. Mdogo wako amuulize mwanachuoni anayemwamini, na amweleze kwa ukamilifu kuwa jambo linalozungumzwa ni uhai. Ikiwa baada ya hapo bado hataki kunyoa, basi aombe kazi isiyohitaji barakoa hiyo. Asikubali kupangwa eneo la gesi akiwa na ndevu kwa sababu tu msimamizi wa zamu amemwonea haya.

Kwa kuwa umeuliza kama haya ni ya kikatili, nitaongeza kuwa hatari hii haiwaishii wafanyakazi. Huko Denver City, Texas, mwezi Februari 1975, gesi hiyo ilivuja kisimani na kuua watu 9, wengi wao wakiwa wa familia iliyokuwa ikiishi jirani. Katika wilaya ya Kaixian nchini China, mwezi Desemba 2003, kisima kililipuka usiku na wanakijiji zaidi ya 200 walikufa. Serikali ya Texas iliweka kanuni maalumu za gesi hii baada ya msiba wa Denver City. Kanuni anazofundishwa mdogo wako zimetokana na misiba ya namna hiyo.

Swali la tatu

*Daktari, mimi ni kibarua Lokichar, Turkana. Niliosha mipira na mapipa baada ya mkandarasi kutia asidi kisimani. Lebo zilikuwa zimechanika. Maji yaliingia ndani ya glavu lakini sikusikia maumivu, nikamaliza kazi. Usiku vidole vilianza kuuma ajabu, na ngozi ilionekana karibu ya kawaida. Zahanati walinipa dawa ya maumivu. Sasa kucha mbili zimekuwa nyeusi. Mwenzangu naye aliingiwa na kostiki soda jichoni, tukamwosha kwa maziwa. Tufanye nini?* — E.

Ndugu E., nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji leo hii, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, na mwenzako aende kwa daktari wa macho.

Dalili ulizoeleza zinafanana sana na za asidi hidrofloriki. Hiyo huchanganywa na asidi hidrokloriki pale kisima kinapokuwa katika miamba ya mchanga, ili kuyeyusha udongo unaoziba njia ya mafuta. Asidi nyingine huunguza ngozi papo hapo na mtu huruka kwa maumivu. Hii, ikiwa imezimuliwa, hupenya taratibu bila kuuma na maumivu huweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata siku nzima. Ikifika ndani hushikana na kalsiamu ya mwili, hula nyama na mfupa, na ikiwa eneo lililoungua ni kubwa hushusha kalsiamu ya damu mpaka moyo ukasimama. Maumivu makali kuliko kidonda kinachoonekana ndiyo alama yake. Dawa yake inajulikana: ngozi huoshwa kwa maji mengi mara moja, kisha hupakwa jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5, na kwa vidole mara nyingine daktari hulazimika kuichoma kama sindano. Mkandarasi anayeleta asidi hii kazini bila kuleta jeli hiyo, tena bila kuwaambia vibarua ni nini wanachokiosha, amewakosea vibaya, na ninalisema hilo bila kusita.

Muulize kemikali hiyo inaitwaje na umwombe karatasi ya taarifa za usalama. Kila kemikali hatari ya viwandani hutakiwa kuwa nayo. Ina sehemu 16, na ya nne ndiyo huduma ya kwanza. Mpe daktari karatasi hiyo mkononi. Kama hamkupewa, mwambie daktari maneno haya: "Huenda ni asidi hidrofloriki." Daktari wa zahanati anaweza kumaliza miaka mingi ya kazi bila kukutana na jeraha hili, kwa hiyo usimlaumu sana, mpe jina la kitu cha kushuku.

Kuhusu jicho, maziwa yaacheni kwa watoto. Kostiki soda hutumiwa katika tope la kuchorongea, na ikiingia jichoni huyeyusha tishu na kuendelea kuzama ndani, kwa hiyo inashinda hata asidi nyingi kwa ubaya. Kinachohitajika ni maji safi, mengi, sekunde ile ile, yamiminike huku kope zimefunuliwa kwa vidole, kwa muda usiopungua dakika 15, na kwa kostiki ni vizuri kuendelea hadi nusu saa au zaidi wakati usafiri unatafutwa. Usijaribu kuizimua kwa siki wala ndimu. Penye kemikali hizi panatakiwa kuwa na bomba la kuoshea macho ambalo aliyeumia anaweza kulifikia ndani ya sekunde 10 hivi, maana kwa macho yaliyofumba hatakwenda mbali.

Sheria ya Kenya ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka 2007, inawahusu vibarua pia. Toeni taarifa kwa mwajiri kwa maandishi na mbaki na nakala. Yeye anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, na dai lenu lisipite miezi 12. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Desemba 2019, madai haya huanzia kwa Mkurugenzi na siyo mahakamani, kwa hiyo mjihadhari na mtu anayetaka pesa zenu ili akimbilie kortini kwanza. Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96, na ulemavu wa sehemu hulipwa kwa kadiri ya asilimia atakayoandika daktari. Pigeni picha za vidole na jicho kila siku, zikiwa na tarehe.

Swali la nne

*Mume wangu ni fundi wa mitambo katika visima vya Uganda. Akirudi likizo Tanga huja na magwanda yananuka mafuta, nami huyafua pamoja na nguo za mtoto. Mikono yake imepasuka na huinawa kwa petroli. Kuna ubaya?* — Mama Z.

Upo, Mama Z. Petroli huondoa mafuta ya asili ya ngozi, ndipo mikono ikapasuka, na kupitia nyufa hizo kemikali nyingine huingia kwa urahisi zaidi. Ndani ya petroli na mafuta ghafi kuna benzini, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu; inayohusishwa nayo zaidi ni saratani ya damu. Anawe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, apake mafuta mazito ya ngozi akimaliza zamu, na avae glavu zisizopitisha mafuta. Glavu za kitambaa zikilowa hugeuka kuwa bandeji ya petroli.

Magwanda yasiletwe nyumbani. Aombe yafuliwe kazini, kwa kuwa usafi wa nguo zenye kemikali ni gharama ya mwajiri na siyo ya mke wa mfanyakazi. Yakishakuja, yaanike kwanza nje mbali na moto, yafue peke yake ukiwa umevaa glavu, suuza beseni vizuri kabla ya kutia nguo nyingine, na mtoto asikae karibu. Mwambie pia aombe kipimo cha picha kamili ya damu kila mwaka, na atunze majibu yote mwenyewe, ili daktari atakayemwona baadaye aweze kulinganisha chembe za damu za mwaka huu na za mwaka wa kwanza.